Mhalifu wa Riwaya na Mvua ya Ugogo

Septemba 2005, kamati ya Seneti ya Marekani ilimwita mtunzi wa riwaya pendwa atoe maelezo kuhusu sayansi ya mazingira. Mwaka uliotangulia Michael Crichton alikuwa ametoa State of Fear, kisa cha wanamazingira wanaopanga majanga ili watu waogope. Ndani yake alipachika grafu na tanbihi za kweli, zikiwemo za vituo ambavyo joto halikupanda. Riwaya ikawa ushahidi.

Ujanja huo wa kuchagua takwimu ungenoga Dodoma, nchi ya Ugogo. Mvua huku ina msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, wastani wa milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka. Wastani wa kwenye karatasi, lakini! Mkulima wa Bahi anapanda uwele, mvua ya kwanza inauotesha, kisha jua la Februari linaunguza miche na mbegu zimekwisha. Msimu mwingine mafuriko yanasomba reli kule Gulwe. Anayesema mvua zimepungua atapata mwaka wake. Anayebisha naye wake upo. Ndiyo maana wanasayansi hupima tabianchi kwa miaka 30. Joto ndilo linaloongea wazi zaidi: kila likipanda nyuzi moja ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hewa hiyo huifyonza ardhi maji kati ya mvua na mvua, na ikinyesha, hunyesha kwa fujo.

Taabu ni kwamba riwaya pendwa hutaka mhalifu. Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, hakuwahi kupeleleza wingu. Lakini Ugogo una kisa chenye vyote viwili, mhalifu na wingu: Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Mvua ilikosekana, naam. Ila kabla yake majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulikuta ghala tupu. Ukimlaumu mzungu peke yake umekosea, ukiilaumu mbingu peke yake umekosea zaidi.

Kwa Crichton, ama kuna njama ama hakuna tatizo. Watunzi wetu, mnaojua kumkosesha msomaji usingizi, andikeni Mtunya. Rekodi za mvua kaulizeni Mamlaka ya Hali ya Hewa, na grafu msichague ile inayowafurahisha tu.