Vumbi la pamba na pumzi ya mfanyakazi

Tangu kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, viwanda vya nguo vimewapa riziki vijana wengi, wakiwemo wa kwetu Singe wanaokwenda Arusha kusaka ajira. Mmoja wao alirudi akiwa hawezi kupanda kilima bila kupumzika mara mbili. Nyumbani walisema ni mvivu, wengine wakasema karogwa.

Robota la pamba halina pamba peke yake. Mna vipande vya majani, udongo na bakteria. Pamba inapofunguliwa na kuchambuliwa kwa mashine, vumbi hupaa, na sumu ya bakteria hao hubana njia za hewa. Ugonjwa huu huitwa bisinosisi.

Dalili yake ni kifua kubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, mara nyingi Jumatatu, kisha hali hupungua. Ndiyo maana wengi hupuuza. Miaka ikipita, kifua hubana wiki nzima na mapafu yaweza kuharibika yasirudi kama zamani. Sigara huzidisha madhara.

Wapo wasemao, "Mimi hupandisha maji puani kila nitawadhapo." Udhu husafisha pua, lakini vumbi laini huwa limekwishafika mapafuni. Wengine hukimbia kila alfajiri ili warudishe pumzi. Mazoezi ni mema, ila hayatoi vumbi kifuani. Kwanza vumbi lipunguzwe.

Fanya haya:

1. Vaa barakoa maalumu ya vumbi iliyobana vizuri usoni. Kitambaa hakitoshi.

2. Mashine zisafishwe kwa kufyonza vumbi, si kwa kulipuliza hewani.

3. Ukikohoa wiki 2 au zaidi, pima TB, na umweleze tabibu kazi unayofanya. Omba kupimwa nguvu ya mapafu.

4. Fahamu haki yako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya, na maradhi yatokanayo na kazi hudaiwa fidia WCF.

Nanyi wazazi, kijana akirudi akihema, msimwite mvivu. Muulizeni anafanya kazi gani, kisha mleteni hospitali. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa mwili una haki juu yetu.