Kabla Kikundi Hakijanunua Laptopu, Hesabuni Matundu

Siku hizi karibu kila kikundi tunachokitembelea hapa Kamere kina mpango wa kununua laptopu. Akina mama wa merigoraundi wanataka kuweka hesabu zao mahali ambapo panya hawafiki. Vijana wanataka kuandika barua za kuomba kazi kwenye mashamba ya maua bila kulipa saiba kwa kila ukurasa. Wengine wamechoka kupanga foleni kwa sababu fomu nyingi za serikali siku hizi hujazwa kwenye intaneti. Mpango ni mzuri na tunauunga mkono. Lakini swali tunaloulizwa huwa ni moja tu, "Itakuwa pesa ngapi?" Halafu watu wakifika dukani, macho yanakwenda kwa ile nyembamba inayong'aa, nyepesi kama daftari. Hakuna anayeigeuza ubavuni aone ina matundu mangapi.

Tukisema matundu tunamaanisha zile nafasi za pembeni ambapo unachomeka vitu: chaja, flashi, waya wa printa, waya wa projekta, waya wa intaneti, kadi ya kamera. Laptopu nene za zamani zilikuwa nayo karibu yote. Nyembamba ya leo yaweza kuwa na mawili tu, madogo, yanayofanana kama mapacha. Mama mmoja mzee alipoonyeshwa ya namna hiyo aliizungusha mara mbili mikononi, akauliza, "Sasa hii kitu inakulia wapi?" Swali lake lilikuwa la maana kuliko maswali yote yaliyoulizwa na kamati siku hiyo.

Kwa nini matundu yamepungua? Chukua rula. Plagi ya waya wa intaneti ina unene wa milimita 8 hivi, na tundu lake, ukihesabu na kuta zake, linapita milimita 10. Ile plagi ya buluu ya projekta za zamani, yenye skrubu mbili, inaitwa VGA. Ilianza na kompyuta za IBM mwaka 1987, nayo ni pana na nene vilevile. USB ya kawaida, ile ya flashi, ina unene wa milimita 4.5, na HDMI, waya wa televisheni na projekta za kisasa, ni karibu hivyo hivyo. USB-C, ambayo vipimo vyake vilitolewa mwaka 2014, haifiki milimita 3. Sasa kumbukeni kwamba laptopu ina vipande viwili, kifuniko chenye skrini na sehemu ya chini yenye vibonye, na matundu yako chini tu. Mashine ikiwa na unene wa milimita 15 kwa jumla, ukiondoa kifuniko, sehemu ya chini inabaki na kama 10 tu. Ni sawa na kutaka kuweka dirisha la futi tatu kwenye ukuta wa futi mbili. Watengenezaji wengine walijaribu ujanja, wakaweka tundu la intaneti lenye taya linalofunguka kwenda chini kama mdomo wa kiboko. Linafanya kazi, ila lavunjika upesi kama mashine inapita mikono mingi.

Sababu nyingine ni biashara. Mwezi wa Januari 2008 Steve Jobs wa kampuni ya Apple alipanda jukwaani akatoa laptopu ndani ya bahasha ya ofisi. Ilikuwa MacBook Air, yenye uzito wa kilo 1.36 na tundu moja tu la USB. Aliyetaka waya wa intaneti au kusoma sidii alinunua kifaa cha kando. Watu walipiga makofi, na wengine wakafuata mtindo. Mwaka 2011 Intel, wanaotengeneza ubongo wa kompyuta nyingi, waliweka masharti ya laptopu walizoziita Ultrabook, na unene ulikuwa sharti mojawapo. Mwaka 2015 Apple wakaleta MacBook yenye tundu moja la USB-C na la kusikiliza muziki, basi. Ukichaji huwezi kuchomeka flashi, ukichomeka flashi huchaji.

Mwaka 2016 waliondoa HDMI na kadi ya kamera hata kwenye MacBook Pro, mashine za watu wa kazi. Malalamiko yalikuwa mengi mpaka kampuni ikapunguza bei ya adapta zake kwa muda. Na mwaka 2021 HDMI na tundu la kadi vikarudishwa! Ile laptopu yao kubwa iliongezeka unene kutoka milimita 16.2 hadi 16.8, na hatujasikia mteja aliyelia kwa ajili ya hiyo nusu milimita. (Tundu la waya wa intaneti, hata hivyo, halikurudi.)

Lakini tusiwe kama wale wanaosema kila kitu cha zamani kilikuwa bora. Nyembamba ina faida zake. Mhudumu wa afya ya jamii anayebeba mashine mgongoni juu ya bodaboda kutwa nzima anajua maana ya kupunguza nusu kilo. Nafasi iliyoachwa na matundu mara nyingi hujazwa betri. Na hiyo USB-C imeleta jambo jema ambalo hatukuwa nalo, chaja ya aina moja kwa simu na laptopu. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2022 kulazimisha hivyo, simu kuanzia 28 Desemba 2024 na laptopu kuanzia 28 Aprili 2026, na kwa kuwa viwanda havitengenezi mashine mbalimbali kwa kila nchi, sisi nasi tutafaidika. Chaja ikiungua Jumapili jioni waweza kuazima ya jirani, mradi iwe na nguvu ya kutosha. Ya simu ndogo haitafaa, kwani laptopu nyingi hutaka wati 45 au 65. Hata pawabanki kubwa yaweza kuichaji. Hilo si dogo kwetu sisi. Mvuke wa Olkaria unazalisha stima hapo juu tu, na mtambo wake wa kwanza ulianza 1981, lakini bado mishumaa inauzwa madukani hapa Kamere na inanunuliwa.

Tatizo letu liko mahali pengine, nalo wauzaji hawaligusi. Laptopu nyembamba imeundwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mtu huyo ana mkoba wake, ndani ya mkoba kuna adapta yake, na akirudi nyumbani adapta iko palepale. Kikundi si mtu mmoja. Laptopu ya kikundi inalala kwa mwenyekiti leo, kesho iko kwa katibu, Jumamosi iko kwenye ukumbi, wiki ijayo imeazimwa kwa mazishi ionyeshe picha za marehemu. Kitu chochote kinachoweza kutengana na mashine kitatengana nayo. Tundu lililo ndani ya mashine halipotei wala haliazimwi.

Tumeona kikundi kimoja, jina tunalihifadhi, kikipewa nafasi ya kueleza mradi wao wa kuku mbele ya wafadhili. Walikuwa na picha nzuri na hesabu safi, zimeandikwa na msichana wao aliyemaliza kidato cha nne. Mashine ilikuwa nyembamba yenye matundu mawili ya USB-C, na projekta ya ukumbi ilitaka ile plagi ya buluu. Adapta ilikuwapo, ila ilikuwa kwa mweka hazina, na mweka hazina alikuwa zamu shambani, simu imefungwa kwenye kabati la kazini. Wageni walikuwa na mkutano mwingine baada ya saa moja. Yule msichana alizungusha laptopu kutoka meza hadi meza, watu watatu watatu wakiinama kuangalia. Mradi haukupata pesa mwaka huo. Hatusemi ni kwa sababu ya waya peke yake, lakini waya ulichangia.

Basi kikundi kiketi, na kabla ya kuzungumza bei kiandike vitu ambavyo mashine itaunganishwa navyo hapa hapa kwetu. Si vya Nairobi. Flashi lazima iwepo, kwa sababu saiba, shule na ofisi nyingi bado zinapokea kazi kwa flashi. Printa nyingi tunazoziona bado zinatumia waya wa USB ya kawaida. Kwa hiyo matundu mawili ya USB ya kawaida ndiyo ya kwanza, maana flashi na printa huhitajika kwa wakati mmoja. Linalofuata ni la projekta. Shule za msingi za serikali zilipata projekta pamoja na tableti za mpango wa kidijitali ulioanza 2016 (ule ulioahidiwa kama laptopu mwaka 2013, mnakumbuka), na kumbi za kanisa nazo zina zake. Nendeni mkaangalie nyuma ya projekta mtakayotumia. Kama ina HDMI, nunueni laptopu yenye HDMI na mmalize. Kama ina plagi ya buluu tu, jueni kwamba Intel na wenzake walitangaza mwaka 2010 kuiacha polepole, kwa hiyo mashine nyingi za sasa hazina. Hapo adapta haiepukiki.

Waya wa intaneti je? Hapa tutawaudhi mafundi wengine, lakini kwa vikundi vingi vya Kamere hauhitajiki. Tunatumia intaneti ya simu au ya hewani. Msilipie tundu ambalo mtaliziba kwa vumbi. Kadi ya kamera ni hivyo hivyo, isipokuwa mna kijana wa picha za harusi, kwa maana wengi wetu tunapiga kwa simu.

Tuchukue mfano wa laptopu mbili za kampuni moja, Lenovo, zote za mwaka 2018, ambazo hupatikana zikiwa zimetumika ng'ambo. ThinkPad T480 ina unene wa milimita 20 hivi. Ina USB mbili za kawaida, USB-C mbili, HDMI, waya wa intaneti na kadi ya kamera. Betri ya nyuma unaitoa kwa mkono bila bisibisi, na kumbukumbu yake fundi anaweza kuiongeza. Ndugu yake, X1 Carbon, ina milimita 16 na kilo 1.13 tu. HDMI na USB mbili za kawaida bado ipo nazo, lakini waya wa intaneti unahitaji kiunganishi cha kando, betri iko ndani, na kumbukumbu imechomelewa kwenye ubao, haiongezeki milele. Tofauti ni milimita 4. Mwalimu anayesafiri kila siku angechukua ya pili na tusingemlaumu. Kikundi, tungekiambia kichukue ya kwanza bila kufikiri mara mbili.

Sasa tahadhari kuhusu yale matundu mapacha ya USB-C. Yanafanana kwa umbo lakini si lazima yawe na kazi moja. Moja laweza kuchaji na kutoa picha, lingine likabeba mafaili tu. Kuna mashine za bei ya chini ambazo USB-C yao haitoi picha kabisa, na hata mkinunua adapta ya gharama, projekta itabaki giza. Muuzaji atasema "hii inafanya kila kitu". Mwambieni asante, halafu mchomeke. Nendeni dukani mkiwa na flashi yenu na waya wa HDMI, ombeni televisheni iliyo ukutani, jaribuni kila tundu moja moja, na chaja iwe inafanya kazi wakati huo huo. Tikiseni plagi kidogo. Ikilegea na chaji ikakatika, acheni hiyo mashine, hata ikipunguzwa bei.

Hili la mwisho lina uzito zaidi kwa nyembamba. USB-C yenyewe imepangiwa kuvumilia kuchomekwa mara 10,000, na ile ya kawaida mara 1,500, kwa hiyo si dhaifu. Lakini mkiwa na matundu mawili tu, yote mnayatumia kutwa kucha, na mtoto akijikwaa kwenye waya, tundu hupindika. Kwenye mashine nyingi nyembamba tundu hilo limechomelewa kwenye ubao mkuu, na tundu la chaji likifa, mashine nzima inakufa pamoja na pesa zenu. Fundi wa kulitengeneza vizuri mara nyingi humpati karibu. Ni nauli ya matatu mpaka Naivasha mjini, pengine mpaka Nakuru au Nairobi.

Na wale ambao tayari wana nyembamba? Msiiuze. Nunueni kiunganishi kimoja chenye USB za kawaida, HDMI na nafasi ya kupitishia chaji, badala ya adapta tatu za moja moja. Kiandikeni katika daftari la mali ya kikundi, mstari wake peke yake, kama mnavyoandika viti na sufuria, na anayepokea laptopu atie sahihi mara mbili. Ile adapta ya plagi ya buluu msiiweke kwenye mkoba wa mtu yeyote. Ikazeni kwa skrubu zake mbili kwenye waya wa projekta ya ukumbi, muifunge na kamba ya nailoni, iishi huko.