Mapunye: Kwa Nini Dawa ya Kupaka Peke Yake Haitoshi

Mzazi agunduapo kwamba nywele za mwanawe zinanyonyoka, aghalabu hatua yake ya kwanza ni kumnyoa kipara na kumpaka kitu: maji ya ndimu, mafuta, au malhamu aliyoinunua dukani bila kuandikiwa. Kibaka kikififia hushukuru. Kikirudi, hununua kopo jingine. Mzunguko huo huweza kuendelea kwa miezi mingi, kwa sababu ugonjwa unaoongoza kwa kuwanyonyoa nywele watoto wa umri wa shule katika Afrika Mashariki ni mapunye, nayo mapunye hayaponi kwa kupaka peke yake.

Siri imo ndani ya unywele wenyewe. Fangasi wasababishao mapunye hula keratini, ile protini inayoujenga unywele na ukucha. Hawakai juu ya ngozi tu, bali huteremka ndani ya kinyweleo, mahali ambapo malhamu haifiki. Unywele ulioshambuliwa hukatika, pengine usawa wa ngozi, ukaacha vidoa vyeusi katikati ya magamba meupe. Ndiyo maana tiba ni ya kumeza: griseofulvini kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili ifyonzwe vyema, au terbinafini, ambayo kwa kawaida huchukua takriban wiki 4. Kipimo hutegemea uzito wa mtoto, hivyo vidonge alivyoandikiwa kaka mtu visigawiwe mdogo wake. Shampuu yenye ketokonazoli husaidia kupunguza maambukizi kwa wengine, lakini haiponyi.

Kuna sura moja ya mapunye inayohitaji tahadhari ya pekee. Mwili wa mtoto hupambana na fangasi kwa ukali mno hata kichwani pakatokea uvimbe laini, wenye maumivu na usaha, huku tezi za shingoni zikitutumka. Mtazamaji mwenye haraka huuona kuwa ni jipu, na wako wanaoupasua. Haupaswi kupasuliwa. Unahitaji dawa ileile ya kumeza, tena mapema, kwani ukicheleweshwa huweza kuacha kovu ambalo nywele hazitaota tena.

Si kila mnyonyoko ni mapunye, hata hivyo. Mtoto mchanga hupoteza nywele za kisogoni katika miezi ya mwanzo, na hilo ni jambo la kawaida. Miezi 2 au 3 baada ya homa kali nywele huweza kupukutika kichwa kizima, kisha zikarejea zenyewe. Nywele zilizogeuka nyekundu, nyembamba, zing'okazo kwa kuvutwa kidogo, pamoja na miguu iliyovimba, ni dalili za kwashakoo. Mtoto huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kibaka cha mviringo, laini kama kiganja, kisicho na magamba wala mwasho, mara nyingi hutokana na kinga ya mwili kuvishambulia vinyweleo.

Kwa watoto wa kike tunaongeza swali ambalo wazazi wengi hawalitarajii: anasukwaje? Nywele zikipungua kwenye paji la uso na juu ya masikio, mara nyingi chanzo ni msuko uliokazwa. Vipele vidogo kwenye mashina, au mtoto kushindwa kulala usiku wa kwanza baada ya kusukwa, ni onyo tosha. Msuko ukilegezwa mapema nywele hurudi. Ukiendelea kukazwa miaka kwa miaka, vinyweleo hufa. Inashangaza jinsi maumivu hayo yalivyozoeleka hata yakaitwa urembo.

Pale penye shaka, fundi wa maabara hukwangua magamba na vipande vya nywele, akavitia potasiamu haidroksaidi na kuvitazama kwa hadubini. Ni kipimo rahisi, kisichohitaji sindano. Ndugu wanaolala naye wakaguliwe pia, maana wengine hubeba fangasi bila dalili yoyote. Na vitana, kofia na mashine ya kunyolea visitumiwe kwa pamoja bila kusafishwa. Mtoto aliyekwisha kuanza dawa hana sababu ya kuzuiwa kwenda shuleni, ingawa wapo walimu ambao bado huwarudisha nyumbani.