Bruce McLaren: Dereva aliyeacha timu ikiendelea kushinda

MASHABIKI wa mbio za magari ya Langalanga wanapotaja McLaren, huwa wanazungumzia timu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba hilo lilikuwa jina la mtu, tena aliyetembea akichechemea.

Bruce McLaren alizaliwa jijini Auckland, New Zealand, mwaka wa 1937. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, aliugua maradhi ya nyonga yaliyomlaza kwa karibu miaka miwili, na alipopona mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Babake alikuwa na gereji, na humo ndimo mapenzi yake ya injini yalimoanzia.

Mnamo 1958 alipata ufadhili wa kwenda Ulaya, akajiunga na timu ya Cooper. Mwaka uliofuata alishinda mbio za Marekani katika uwanja wa Sebring, akiwa na miaka 22 pekee.

Hata hivyo, kuendesha magari ya wengine hakukumtosheleza. Mwaka wa 1963 aliunda timu yake, na mnamo 1968 akashinda mbio za Ubelgiji akiendesha gari lenye jina lake mwenyewe. Kabla yake, ni Jack Brabham na Dan Gurney tu waliokuwa wameshinda wakiendesha magari ya timu zao wenyewe katika mashindano ya dunia. Ajabu ni kwamba alivuka utepe bila kujua ameshinda, kwani aliyekuwa akiongoza alikuwa ameishiwa na mafuta.

Juni 2, 1970, alikuwa akilifanyia majaribio gari jipya katika uwanja wa Goodwood, Uingereza, pale sehemu ya nyuma ya bodi ilipong'oka likiwa katika kasi. Gari lilipoteza mwelekeo na kugonga kizuizi, naye akafariki papo hapo. Alikuwa na miaka 32.

Wengi wangedhani timu ingevunjika, hasa kwa vile dereva wake mwingine, Denny Hulme, alikuwa ameungua mikono mwezi uliotangulia. Lakini siku 12 baada ya msiba huo, Gurney, aliyeitwa kujaza pengo, alishinda mbio za Mosport nchini Kanada. Hulme naye alishiriki akiwa na majeraha, na mwishoni mwa msimu akatwaa ubingwa wa mashindano hayo ya Can-Am.

Baadaye walikuja akina Emerson Fittipaldi, Alain Prost, Ayrton Senna na Lewis Hamilton. Timu hiyo iliponyakua taji la waundaji mnamo 2024, magari yake yalikuwa na rangi ya papai, ile ile aliyoitumia mwanzilishi wake tangu 1967.