Gurudumu Ndani ya Utumbo wa Ndama

Jana jioni ndama wa siku saba alikuwa akirukaruka. Asubuhi anakutwa amejilaza pembeni mwa zizi, mkia umelowa kinyesi cha majimaji cha manjano, macho yamedidimia. Wafugaji wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua antibayotiki. Mara nyingi fedha hiyo huenda bure, kwani kilichomshika ni kirusi, na antibayotiki haiui virusi.

Kirusi hicho kiliripotiwa mwaka 1969 na Charles Mebus na wenzake huko Nebraska, Marekani, walipochunguza ndama waliokuwa wakiharisha. Mwaka 1973, mjini Melbourne, Ruth Bishop na wenzake waliona ndugu yake katika utumbo wa watoto wagonjwa. Kwenye hadubini ya elektroni kinaonekana kama gurudumu, ndiyo maana kikaitwa rotavirusi, kutokana na rota, gurudumu kwa Kilatini.

Hushambulia seli za juu za vijidole vidogo mno vilivyotandaa ndani ya utumbo mwembamba, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Seli hizo zikifa, maziwa hubaki bila kusagika na kuvuta maji utumboni. Ndama anakauka. Kirusi kingine kinachoharisha ndama, cha korona cha ng'ombe, huharibu hata utumbo mpana, hivyo huweza kumdhoofisha zaidi.

Rotavirusi ina aina nyingi. Kwa ng'ombe, zinazoonekana zaidi ni G6, G8 na G10. Vinasaba vyake vimegawanyika vipande 11, na aina mbili zikikutana ndani ya seli moja, vipande huweza kubadilishana na kuzaa aina mpya. Mpaka kati ya zizi na nyumba nao hauko imara: mwishoni mwa miaka ya 1990, G8 ilipatikana kwa watoto wengi waliokuwa wakiharisha nchini Malawi. Ng'ombe pia amewasaidia watoto, maana chanjo ya RotaTeq, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, ilijengwa juu ya kirusi cha ng'ombe.

Kinga ya ndama imo katika dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, kwa hiyo ndama huzaliwa bila silaha. Mwenye kilo 35 anahitaji lita 3 hadi 4 ndani ya saa 6 za mwanzo. Baada ya siku moja utumbo wake hauruhusu tena kingamwili kupita kuingia kwenye damu. Hata hivyo dang'a ya siku zinazofuata bado ina faida, kwa sababu hukinasa kirusi humo humo utumboni. Ng'ombe akichanjwa wiki za mwisho za mimba, dang'a yake huwa na nguvu zaidi.

Aliyekwisha kuugua anahitaji maji yenye chumvi na sukari maalumu za ndama, huku maziwa yakiendelea kwa nyakati tofauti. Asiyeweza kunyonya wala kusimama ni wa daktari wa mifugo, atundikiwe dripu siku hiyo hiyo. Kwa kuwa rotavirusi huweza kuishi kwenye mavi kwa miezi, anayehudumia zizi aanze na ndama wazima, wagonjwa wawe wa mwisho, na ndoo yao isitumiwe kwa wengine.