Mama Anataka Kwenda Namugongo kwa Miguu

 

Labda ilikuwa Krismasi, watoto wote wako nyumbani, mama yako aliposema: "Nikitimiza miaka 60 sitaki keki wala mbuzi. Nitakwenda Namugongo kwa miguu." Wengine walicheka. Kaka yako mkubwa alisema haiwezekani, mama ana presha. Nawe unayekaa naye, unayezijua dawa zake na magoti yake, ulinyamaza. Leo nazungumza nawe, kwa sababu neno hilo litakuangukia wewe.

Siku yenyewe ya kuzaliwa huenda haijulikani. Mama wengi wa umri huo wana mwaka tu kwenye kitambulisho, tena ulioandikwa na karani kwa kukisia. Lakini tarehe 3 Juni inajulikana na kila mtu. Siku hiyo mwaka 1886 vijana wa nyumba ya Kabaka Mwanga, Karoli Lwanga na wenzake, walichomwa moto pale Namugongo kwa sababu ya imani yao, baada ya kutembezwa wakiwa wamefungwa kutoka Munyonyo. Walikuwamo Wakatoliki na Waanglikana, na makanisa yote mawili yana mahali pake pa kuhiji hapo. Mwaka 1964 mashahidi Wakatoliki 22 wa Uganda walitangazwa watakatifu, na watoto wengi wa upande wetu wa magharibi wakabatizwa Karoli na Kizito. Kwa hiyo mama akisema anataka kwenda kwa miguu, usidhani ni utani wa sikukuu. Wale vijana walitembea, naye anataka kutembea.

Je, anaweza? Mara nyingi jibu ni ndiyo, lakini jibu hilo hutafutwa mwezi wa Februari au Machi, si wiki ya mwisho ya Mei.

Kutoka mpaka wa Busia hadi Namugongo ni karibu kilomita 200. Utapita Bugiri, Iganga, Jinja, msitu wa Mabira, Lugazi na Mukono. Mtu akitembea kilomita 25 kwa siku, atachukua siku nane. Mama atakuambia, "Mimi hutembea kila siku, kwenda mtoni, kwenda soko." Ni kweli, na hiyo ni faida kubwa. Lakini soko ni siku moja, kisha analala kwake na kupumzika. Hapa ni kutembea juu ya lami, siku baada ya siku, usiku analala kwenye mkeka darasani au kanisani.

Basi mpeleke kwanza kituo cha afya. Mwambie mhudumu wazi kwamba mama anataka kutembea siku nane. Asidhani mmekuja kupima tu. Apimwe presha, sukari, na miguu yake itazamwe. Presha ikiwa imefika 180 kwa namba ya juu au 110 kwa namba ya chini, asianze safari mpaka itulie kwa dawa. Mama anayepata maumivu ya kifua akipanda kilima, au anayekosa pumzi akifanya kazi ndogo, huyo asitembee kabla ya kuonwa na daktari.

Uliza pia juu ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu cheti chake huenda kikatakiwa mpakani. Hapa kuna jambo ambalo watu hawalijui: mtu akifika miaka 60, chanjo hiyo ina hatari zaidi kwake kuliko kwa kijana, iwapo ni mara yake ya kwanza kuchanjwa. Mhudumu ndiye atakayepima faida na hatari. Kama alichanjwa zamani na anacho cheti, hakihitaji kurudiwa. Tangu mwaka 2016 sindano moja huhesabiwa kuwa ya maisha yote. Kama atachanjwa sasa, cheti huanza kazi baada ya siku 10.

Dawa zake za kila siku zinahitaji mazungumzo ya peke yake. Katika safari kama hii, wapo wanaoacha vidonge vya presha kwa kusema mashahidi watawalinda. Usibishane na imani ya mama. Mwambie tu kwamba aliyempa daktari akili ni Mungu yule yule, kisha uhesabu vidonge vya siku 14 na kuvifunga ndani ya nailoni visiloe mvua. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu akojoe sana, na juani humkausha maji; mwulize daktari azitumie vipi safarini. Mwenye kisukari naye anapotembea sana sukari hushuka. Awe na peremende au glukosi mfukoni, na mwenzake ajue kwamba akianza kutetemeka, kutoa jasho jembamba au kuongea ovyo, apewe kitu kitamu mara moja.

Na zile dawa za maumivu za dukani! Magoti yakiuma, mtu hununua diklofenaki au ibuprofeni, akameza asubuhi na jioni. Kwa mwenye presha, tena aliyepungukiwa maji mwilini, dawa hizo hupandisha presha na zaweza kuharibu figo. Paracetamol humfaa zaidi, kwa kipimo kilichoandikwa.

Sasa mazoezi. Miezi mitatu kabla, aanze nusu saa kwa siku, kisha aongeze kidogo kila wiki. Mwezi wa mwisho atembee saa nne Jumamosi, na Jumapili tena saa nne, akivaa viatu vile vile atakavyovaa safarini. Tafadhali msimnunulie viatu vipya vya zawadi siku ya kuondoka. Raba iliyokwisha kuzoea mguu, yenye nafasi ya kidole mbele, ni bora kuliko kiatu cha bei kikali kinachobana.

Malengelenge ndiyo huwarudisha watu nyumbani. Huletwa na kusuguana, joto na unyevu. Soksi kavu mbili kwa siku, mafuta ya kupaka kisiginoni na kati ya vidole, na kusimama mara tu mahali panapowaka, kabla hapajavimba. Lengelenge dogo usilipasue. Kubwa linalouma, toboa pembeni kwa sindano iliyochemshwa, acha ngozi yake juu, funika kwa kitambaa safi. Kwa mwenye kisukari usitoboe kamwe. Mpeleke kwa mhudumu. Huyo anaweza kuwa na kidonda bila kuhisi chochote, kwa hiyo kila jioni mtu mwingine amtazame nyayo kwa tochi.

Mwezi wa Mei mvua bado ipo, na jua likitoka ni kali. Watembee kuanzia alfajiri, wapumzike saa sita, waendelee alasiri. Usiku wasitembee: barabara hiyo ndiyo ya malori ya Mombasa na Kampala, na mama mwenye leso nyeusi haonekani. Anywe maji yaliyotiwa dawa au kuchemshwa. Akihara, mchanganyiko ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Neti asiiache nyumbani. Njia yote hiyo ina malaria.

Kabla hawajaondoka, kaa na kiongozi wa kikundi. Uliza kama kuna gari linalofuata nyuma. Mwambie mama, mbele ya kiongozi, kwamba kupanda gari kutoka Iganga hadi Jinja si kushindwa. Maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kuzimia, au kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu: hapo ni hospitali, hata kama Namugongo inaonekana kwa macho.

Akifika atateka maji pale kwenye ziwa dogo la mashahidi, kama mahujaji wote, na atakuletea chupa. Yapokee kwa heshima. Ya kunywa, yachemshe kwanza.

Na akirudi, mtazame kwa mwezi mmoja. Homa ikimshika, usiseme ni uchovu wa safari. Mpeleke akapimwe malaria siku hiyo hiyo, na umwambie mhudumu mama alikuwa Uganda.

Kwa leo tuishie hapo. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya macho ya wazee na mtoto wa jicho.