Aljebra ya Kidato cha Pili Inayowasubiri Walimu Tarajali

Mwanachuo anayesomea ualimu wa hisabati akipewa mlinganyo x² = 3x, kosa la kutarajiwa ni kugawanya pande zote kwa x, kupata x = 3, kisha kusonga mbele. Jibu la pili, yaani sifuri, limekwenda na maji. Ajabu ni kwamba mwanachuo huyohuyo, kwenye mtihani wa aljebra dhahania, anaweza kuandika bila kusita kanuni ya kufuta: ab ikiwa sawa na ac, basi b ni sawa na c, mradi a si sifuri. Kanuni anayo, mlinganyo anao, ila havijawahi kukutanishwa. Hapo ndipo penye shida ya walimu tarajali wetu, na kuwaongezea aljebra ya juu zaidi hakutaitibu.

Shida hiyo wanaingia nayo chuoni kutoka sekondari. Huko milinganyo huimbwa zaidi ya kufundishwa: namba ikivuka alama ya sawasawa, inabadilika. Wimbo unafaa kwa x + 2 = 8, halafu unamwangusha mtoto kwenye 2x = 8, anapoihamisha 2 na kuandika x = 8 − 2. Inaongezwa kanuni nyingine, kwamba inayozidisha ikivuka inagawanya, bila mtu kuambiwa kwamba hakuna kinachovuka kwenda popote. Pande zote mbili zimefanyiwa jambo lilelile. Herufi nazo hutambulishwa kwa matunda: m ni maembe, c ni machungwa, kwa hiyo 3m + 2c ni tenga lililochanganywa. Mfano unapendeza mpaka siku ya m², ambapo embe linazidishwa kwa embe. Kumbe m ilikuwa namba tangu mwanzo, pengine bei ya embe moja, lakini kamwe si embe lenyewe. Mazoea haya hayaondoki kwa umri. John Clement, mtafiti wa Marekani, aliwataka wanafunzi 150 wa mwaka wa kwanza wa uhandisi waandike mlinganyo wa chuo ambacho wanafunzi ni mara sita ya maprofesa, S ikiwa idadi ya wanafunzi na P idadi ya maprofesa. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 1982, asilimia 37 walikosa, na kosa lililotawala lilikuwa 6S = P. Waliiona S kama lebo ya kundi, kama vile mtoto anavyoliona embe. Na hao walikuwa wahandisi watarajiwa, si watoro wa darasani.

Chuo kikuu kinampokea kijana wa namna hii na kudhani sekondari imekwisha kazi yake. Anapelekwa kwenye matriksi, nafasi za vekta, makundi na mizingo. Felix Klein, mwanahisabati wa Ujerumani, aliueleza mtego huu tangu mwaka 1908: kijana anapoingia chuo hisabati ya shule inakatika, na anaporudi shuleni kufundisha, ya chuo nayo inakatika, hivyo anafundisha vilevile alivyofundishwa. Yapo na matokeo ya utafiti. Mwaka 1972 Edward Begle aliwapima walimu zaidi ya 300 wa aljebra nchini Marekani na kulinganisha alama zao na maendeleo ya wanafunzi wao. Ujuzi wa mwalimu katika makundi na mizingo haukuonyesha uhusiano wa maana na kufaulu kwa wanafunzi. Ujuzi wake wa aljebra ya namba halisi, ile ya shule, ulionyesha uhusiano, ingawa hafifu. Mtu asichukue hapo ruhusa ya kufuta aljebra dhahania. Ndiyo inayoeleza kwa nini 2x = 4 ina jibu moja katika namba za kawaida, lakini katika hesabu ya saa yenye namba sita tu ina mawili, 2 na 5. Ila isiposemwa kwa sauti kwamba habari ni ileile ya kidato cha pili, mwanachuo haioni.

Wapo watakaosema dawa ni kuchukua waliofaulu zaidi. Tatizo la kwanza ni wa kuwatoa wapi, wakati miaka ya karibuni wanaofaulu Hisabati kidato cha nne Tanzania ni kama robo ya watahiniwa au pungufu. La pili ni kwamba alama nzuri hupatikana pia kwa desa na kukariri mitihani iliyopita. Wengine wataitupia lawama lugha: mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, sekondari anakutana na Kiingereza. Hoja hii ina uzito kwenye maswali ya maelezo, lakini x² = 3x haina Kiingereza ndani yake. Lugha inapouma kweli ni kwenye kueleza sababu, na sioni ubaya wa mwanachuo kueleza sababu hizo kwa Kiswahili kwanza.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima: chuo kikuu kifundishe hesabu za kidato cha pili? Jibu ni kwamba hazitafundishwa kama kidato cha pili. Kujua kwa nini hasi mara hasi ni chanya, au kwa nini (x + 3)² si x² + 9, na kuweza kumthibitishia mtoto kwa eneo la mraba wenye upande x + 3, ambao mistatili yake miwili ya 3x ndiyo iliyosahauliwa, ni kazi ngumu kuliko kukokotoa. Liping Ma, katika kitabu chake cha 1999, alionyesha kwamba walimu wa msingi wa China, wenye miaka michache zaidi ya masomo kuliko wenzao wa Marekani, waliielewa hisabati ya shule kwa kina zaidi. Somo moja la muhula mmoja lingeanzisha kazi hiyo, na mtihani wake usiwe wa kutafuta x. Mwanachuo apewe daftari la mtoto aliyeandika 2x = 8, x = 6, aseme mtoto aliwaza nini, sheria hiyo aliitoa wapi, na swali gani moja angemuuliza ili mtoto mwenyewe aligundue kosa. Atakayejibu kwa kuandika tu x = 4 afanye sapu.